Fuata zahanati moja, utaijua serikali

Mhariri, swali lenu la wiki hii liliuliza: mwanafunzi wa sayansi ya siasa asome vipi sera za umma na taasisi za demokrasia ili asitoke chuoni na fasili tupu? Jibu langu ni fupi, maelezo yake ndiyo marefu. Achague jambo moja dogo katika wadi moja, alifuate kwenye karatasi za serikali tangu lilipoandikwa mara ya kwanza hadi lilipokaguliwa, na katika kila karatasi aulize: hapa nani angeweza kusema hapana, na mwisho wa kusema ulikuwa siku gani?

Kwa anayesoma Maseno au chuo kingine chochote hapa Kisumu, mada inayojileta yenyewe ni mafuriko ya Nyando. Mto ukivunja kingo, maji yakaingia Ahero na tambarare za Kano, kila mtu ana la kusema. Si mada ya kuanzia. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, linalogawa kazi kati ya taifa na kaunti, limeipa serikali ya kitaifa uhandisi wa maji na usalama wa mabwawa, lakini kudhibiti majanga kumeandikwa pande zote mbili, taifa na kaunti. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza atamaliza muhula mzima akitafuta wa kulaumiwa. Mada hiyo ingoje uzamili.

Zahanati ni rahisi zaidi. Sehemu ya pili ya Jedwali hilo imezipa kaunti vituo vya afya, na taifa likabaki na sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Tafuta zahanati ambayo kaunti iliahidi kuijenga au kuipanua, na uchague mwaka wa fedha uliokwisha fungwa, ili karatasi zote ziwe zimepita tarehe zake. Tuseme 2023/24.

Sasa kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, kwa hiyo mpango wa 2023/24 ulitakiwa Septemba 1, 2022. Uchaguzi mkuu ulikuwa Agosti 9 mwaka huohuo. Yaani orodha ya miradi ya mwaka wa kwanza kamili wa serikali mpya ilidaiwa wakati wawakilishi wadi wengine hawajazoea viti vyao. Hilo peke yake ni sura nzima ya tasnifu. Kisha, kufikia Februari 28, huja waraka wa mkakati wa fedha, ambao unaweka ukomo wa fedha kwa kila idara, na bunge la kaunti lina siku 14 za kuujadili. Makadirio yenyewe huletwa kufikia Aprili 30, na sheria ya matumizi hupitishwa kufikia Juni 30.

Hapo kwenye Februari ndipo wanafunzi wengi hupita bila kusimama, na kwa maoni yangu ndipo penye siasa yenyewe. Mikutano ya bajeti inayojaza watu kwenye kumbi za wadi huwa baada ya makadirio kutoka, Mei au mwanzo wa Juni. Wakati huo ukubwa wa fungu la afya umekwisha kuamuliwa. Tena kifungu cha 131 cha sheria hiyo kinasema bunge likiongeza fedha mahali pamoja lazima lipunguze kiasi kilekile mahali pengine. Mwananchi anayesimama na kudai "tuongezewe zahanati" bila kutaja mradi wa kukatwa anaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, basi. Ushirikishaji umefanyika kisheria, na hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kupima ushirikishaji wa umma asihesabu vichwa ukumbini. Aweke waraka wa Februari kando ya sheria iliyopitishwa Juni na atafute tofauti, fungu kwa fungu. Kisha aone kama tofauti hiyo inafanana na lolote lililoombwa na wananchi.

Mahakama nayo ina sehemu yake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kukosa ushirikishaji wa kutosha, na mwaka 2019 Mahakama ya Upeo, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco, iliweka mwongozo wa kupima kama wananchi wameshirikishwa kweli. Soma hukumu hizo kabla ya kufungua kitabu chochote cha nadharia ya ushirikishaji. Lugha ya majaji ni nzito, ila angalau inataja nani alipaswa kufanya nini.

Turudi kwa zahanati. Kosa linaloonekana kote magharibi mwa Kenya ni jengo lililokamilika, likapakwa rangi, likafungwa kufuli. Wengi huandika "ufisadi" wakafunga kazi. Huenda ni ufisadi kweli, lakini kuna sababu ya kitaasisi ambayo ni lazima uiondoe kwanza. Jengo hulipwa kutoka fungu la maendeleo. Muuguzi, dawa na umeme hulipwa kutoka fungu la matumizi ya kawaida. Sheria hiyo ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti iliyokwisha kupita kiwango cha mishahara ina fedha za kujenga na haina ruhusa ya kuajiri. Anayeajiri ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, wala si idara iliyojenga. Mwakilishi wadi hupigiwa kura kwa matofali, si kwa zamu ya usiku ya muuguzi. Weka hayo pamoja na kufuli inaeleweka.

Pia angalia aliyejenga ni nani. Zikiwa ni fedha za hazina ya maendeleo ya eneo bunge (CDF), umeingia kwenye kesi kubwa. Agosti 8, 2022 Mahakama ya Upeo ilisema sheria ya hazina hiyo ya 2013 inakiuka Katiba, kwa sababu ilimfanya mbunge kuwa mtekelezaji na kuingilia kazi za kaunti. Hazina haikufa siku hiyo, kwa kuwa ilikuwa imekwisha hamia chini ya sheria nyingine ya 2015. Mgawanyo wa mamlaka unaosomwa mwaka wa kwanza kwa mchoro wa pembetatu unaonekana hapa ukiwa na mawe na saruji.

Ndipo nadharia iingie, na isizidi moja au mbili. Mwanazuoni wa siasa John Kingdon alizungumzia mikondo mitatu, tatizo, suluhisho na siasa, na dirisha linalofunguka mikondo hiyo ikikutana. Inafaa kueleza kwa nini zahanati yako iliingia kwenye mpango mwaka huo na si mwaka uliotangulia. Michael Lipsky alionyesha kwamba sera halisi ni ile anayoitekeleza mtumishi anayekutana na mwananchi ana kwa ana: muuguzi, karani, mtoza ushuru wa soko la Kibuye. Hiyo inafaa jengo likishafunguliwa. Jeffrey Pressman na Aaron Wildavsky, waliochunguza mradi wa Oakland huko Marekani, walihesabu idhini ambazo mradi hupitia. Jaribu hesabu yao kwa zahanati: mpango wa mwaka, ukomo wa Februari, makadirio, kura ya bunge, sahihi ya gavana, zabuni, idhini ya Mdhibiti wa Bajeti kutoa fedha, ukaguzi wa kazi ya mkandarasi, bodi ya ajira, dawa kutoka KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa. Hizo ni hatua kumi. Hata kila hatua ikiwa na uwezekano wa asilimia 90 kupita, zote kumi kupita ni kama asilimia 35 tu. Na hapo hujahesabu bajeti ya ziada ya katikati ya mwaka, ambayo miradi midogo hupotelea humo bila mkutano wa wadi kuitwa.

Kuhusu mbinu, niseme wazi jambo linaloudhi. Tasnifu nyingi huja na watu 384 wa kujaza dodoso, kwa sababu jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 linatoa 384 kwa watu milioni moja, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 Kisumu. Hesabu ni sahihi, swali ndilo halifai. Dodoso hilo litakuambia watu wanaionaje serikali. Haliwezi kukuambia kwa nini fedha za zahanati zilihamishwa mwezi Januari, kwa kuwa kati ya hao 384 huenda hakuna hata mmoja aliyekuwa chumbani. Wanaojua ni watu kumi au kumi na tano: karani wa kamati ya bajeti, afisa wa mipango wa idara, mwakilishi wadi, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mkandarasi. Wahoji hao ukiwa umeshasoma karatasi, na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, mkononi. Ukienda kabla hujasoma watakupa hotuba.

Karatasi mbili ziwe mezani daima. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zinaonyesha fedha zilizotoka na zilizotumika. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu, ambayo Katiba inaitaka ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, yaani kufikia Desemba 31, husema kama jengo lilionekana. Bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili. Tafuta kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, kama liliijadili. Kimya pia ni data, kiandike na tarehe yake.

Karatasi isipopatikana, usimbembeleze mtu. Andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria inaruhusu kuandika kwa Kiswahili. Taja jina kamili la waraka, mwaka wa fedha na idara, kwa sababu ombi la "taarifa zote za afya" hurudishwa likiulizwa ni zipi. Ofisi ina siku 21 za kujibu, inaweza kujiongezea 14 mara moja. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe inasomeka. Ukikataliwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua zote mbili, ombi na kukataliwa, ziingie kwenye kiambatisho cha tasnifu.