Re: Mkeka wa mafunjo umeachia mianya na una madoa meusi

Habari ndugu. Umesema mkeka ulitoka mzuri ila baada ya wiki chache umeachia mianya katikati na kuota madoa chini, na unalaumu kamba. Mimi kamba ningeiacha kwanza, angalia ulivyokausha mabua. Mafunjo, hii mimea mirefu ya kinamasini, yakikatwa yamejaa maji, ile nyama nyeupe ya ndani inanyonya kama sponji, sasa ukisuka bado mbichi yanasinyaa yakiwa tayari ndani ya mkeka, mianya lazima.

Sisi huku Dunga, Kisumu, tunapasua bua kwa urefu, tunaanika juani yakiwa yametandazwa, si kwa mafungu, na mvua ikinukia tu yanaingia ndani. Lishike bua, kama bado lina ubaridi ndani usilisuke.

Halafu angalia kichwa cha bua, kile kishungi cha juu, wakati wa kukata. Kama hakijafunguka bua ni changa litasinyaa sana, kikishakuwa kahawia linakatika ovyo, wewe chukua bua ambalo kichwa chake kimefunguka na bado ni kijani. Kata bua tu mizizi iache majini ichipue, hao wanaong'oa mpaka mizizi ndio wanatumalizia kinamasi bana.

Huo ulio nao anika upande wa chini uangalie jua, sugua madoa na brashi kavu, kisha legeza kamba usogeze mabua yabanane na uongezee makavu pembeni. Na usiutandike kwenye sakafu yenye unyevu. Mikeka ya ukindu sijawahi kusuka, hiyo watu wa Pwani watakujibu.