Mwavuli wa 150 kwa mwenye miruko 90: ninunue au niache?

SWALI: Habari fundi. Nimeruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli mara 90, na mpaka sasa naazima mwavuli wa klabu wa futi za mraba 190. Uzito wangu ni kilo 82. Mrukaji mwenzangu anauza seti yake nzima: mwavuli mkuu wa 150 wenye vyumba (mifuko ya hewa) tisa na ncha zilizochongwa kidogo, mwavuli wa akiba wa 126, mkoba wake, na kifaa cha otomatiki kinachofungua wa akiba chenyewe. Kamba ni za Spectra (aina ya nyuzi) na hazijawahi kubadilishwa. Yeye anasema nitauzoea baada ya miruko michache, na kwamba nikinunua wa 190 nitauchoka haraka. Je, ninunue? Na huo wa akiba, kwa kuwa unaweza kukaa miaka bila kufunguka, ukubwa wake una umuhimu gani?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Sisemi vifaa ni vibovu. Huenda ni vizima kabisa. Tatizo ni kwamba seti hiyo ilipangwa kwa ajili ya mtu aliye hatua mbili mbele yako, na kitakachokufunga humo si huo mwavuli mkuu mnaoubishania. Ni mkoba.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu kila mtu ana maoni yake. Mzigo wa bawa (bawa ni mwavuli uliofunguka) ni uzito wote unaotoka nao mlangoni mwa ndege, yaani mwili, nguo, kofia, mkoba na miavuli yote miwili, ukiwekwa kwa ratili na kugawanywa kwa futi za mraba za mwavuli. Tuseme vifaa na nguo ni kilo 12. Unapata kilo 94, sawa na ratili 207 hivi. Chini ya mwavuli wa 190 mzigo wako ni 1.09. Chini ya wa 170 ni 1.22. Chini ya huo wa 150 ni 1.38.

Kanuni inayotumiwa sana na walimu huanzia 1.0 na kuongeza 0.1 kwa kila miruko 100. Kwa kanuni hiyo, mwavuli wa 190 unakutosha sasa hivi bila hata nafasi ya kubaki. Wa 170 ungeufikia ukishapita miruko 200, na wa 150 ukikaribia 400. Na hiyo ni dari tu, si ratiba ya kwamba ukifika lazima upunguze. Nawajua warukaji wenye miruko mingi sana wanaotua vizuri kwa mzigo usiofika 1.2 na hawana mpango wa kupunguza saizi zaidi, na hakuna anayewacheka.

Sasa hizo namba zinafanya nini hewani? Mwendo wa bawa hupanda kwa kipeuo cha pili cha mzigo wake. Ukitoka 190 kwenda 150, mwendo unaongezeka kwa zaidi kidogo ya asilimia 12. Muuzaji akikutajia hiyo tu, utaona ni kitu kidogo. Lakini nguvu ambayo miguu yako inatakiwa kuimeza ukikosea kutua huenda na mraba wa mwendo, kwa hiyo inapanda kwa karibu asilimia 27. Ongeza na kimo cha uwanja: ukirukia mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwavuli uleule na mtu yuleyule hutua kwa kasi inayozidi ya pwani kwa kama asilimia 8. Watu husahau hili wanaposafiri na vifaa vyao.

Halafu kuna jambo ambalo mzigo wa bawa peke yake hauonyeshi. Mwavuli mdogo una kamba fupi. Mwili unaning'inia karibu zaidi na bawa, hivyo kila amri ya mkono inajibiwa haraka. Ndiyo maana mtu mwepesi chini ya mwavuli wa 120 na mtu mzito chini ya wa 190 wanaweza kuwa na mzigo sawa kabisa kwenye karatasi, lakini yule mwepesi anaendesha chombo chenye hasira zaidi. Mtu akikuambia "mbona tuko sawa", mjibu kwamba hamko sawa.

Hapo kwenye kujibu haraka ndipo watu wanapoumia. Chukua mfano huu. Uko mita 30 hivi kutoka ardhini, unaelekea upepo, kila kitu kiko shwari. Mrukaji mwingine anakatiza mbele yako. Mkono wa kulia, ulioshika breki yaani kamba ya kuongozea bawa, unashuka mpaka kiunoni kabla hujaamua lolote. Bawa linalala upande, mwili unarushwa nje ya mzunguko, pua ya mwavuli inaelekea chini, na sasa hugeuki tena, unapiga mbizi. Ili bawa lirudi juu ya kichwa linahitaji kimo, na kimo huna. Mwavuli wa 190 ungeanza zamu hiyo kwa uvivu kidogo, ungekupa nafasi ya kustuka na kusawazisha mikono. Wa 150 unakuwa umeshakupeleka. Sehemu kubwa ya ajali mbaya chini ya mwavuli uliofunguka salama, usio na kasoro yoyote, ni zamu ya chini ya namna hii.

Kwa hiyo "utauzoea" ni kweli, lakini ni kweli kwa siku za kawaida. Siku ambayo upepo ni mzuri, uwanja ni mpana na umetokea mahali ulipopanga, utautua huo wa 150 hata mruko wa kwanza, na rafiki yako atakupigia makofi. Swali langu kwako ni jingine: ukikatiziwa na mtu katika mita 30, mikono yako inafanya nini bila kuulizwa? Kama jibu si "breki zote mbili zinashuka mpaka kifuani kwanza, ndipo nageuza kidogo huku bawa likibaki bapa", basi hujamaliza kazi na 190.

Kazi hiyo inafanyika juu, si karibu na ardhi. Omba marubani wakutoe mapema mara moja moja, ufungue juu, upate dakika za kutosha. Shusha breki nusu, kisha geuza nyuzi 90 na usome altimita (kipima kimo) kabla na baada. Rudia kwa breki zilizoachiwa. Tofauti ya kimo unachopoteza itakufundisha kuliko maelezo yangu yote. Vuta breki polepole mpaka bawa liache kubeba, uone ni sehemu gani hasa ya mkono linapodondoka, halafu ziachie taratibu. Ukiziachia ghafla bawa linaruka mbele, nalo ni somo, lakini lisome juu. Geuza na ufanye mazoezi ya kutua kwa raiza za nyuma (mikanda inayounganisha kamba na mkoba) tu, kana kwamba kamba ya breki imekatika. Ukifika mita 750 acha majaribio yote, anza kufikiria njia ya kuingilia uwanja. Na huko chini pima kitu kimoja: unatua ndani ya mita 10 za pale ulipolenga, umesimama, mara ngapi katika miruko kumi? Siku isiyo na upepo je? Upepo wa ubavuni? Hayo yakishakuwa ya kawaida, jaribu wa 170 wa kuazima, siku ya upepo mwepesi, ukiwa peke yako hewani. Usiruke hatua.

Turudi kwenye mkoba. Mkoba hushonwa kwa kipimo cha miavuli itakayoingia, wa mkuu na wa akiba, na kawaida hukubali saizi moja juu au chini, basi. Ule uliotengenezwa kwa 150 ukiulazimisha wa 190, utafunga kwa magoti na matusi, na mfuko wa mwavuli unaweza kukwama ndani wakati wa kufungua. Ukifanya kinyume, ukatia mwavuli mdogo kwenye mkoba mkubwa, kitanzi cha kufungia kinalegea na pini inaweza kutoka kabla ya wakati, labda ukiwa bado mlangoni mwa ndege. Hii ndiyo sababu sipendi ushauri wa "nunua seti, mwavuli mkuu utabadilisha baadaye". Hubadilishi baadaye. Ukishalipa, utaruka na 150 kwa sababu ndio unaoingia. Mikanda pia ilipimwa kwa mwili wa muuzaji. Kama ni mrefu au mwembamba kuliko wewe, utakaa vibaya, na bawa litapokea uzito wako ukiwa umeinama upande mmoja.

Na mwavuli wa akiba ndio usiobadilika kabisa, maana nafasi yake kwenye mkoba haina huruma. Ratili 207 chini ya 126 ni mzigo wa 1.64. Kwenye lebo utakuta uzito wa juu unaoruhusiwa, na inawezekana kabisa uko ndani yake. Lakini kikomo hicho kinakuambia kitambaa na kamba vitastahimili. Hakisemi kwamba wewe utatua na kutembea. Miavuli ya akiba kwa kawaida ina vyumba saba na kitambaa kinachopitisha hewa kidogo, tofauti na kile kisichopitisha hewa cha mwavuli mkuu. Inafunguka haraka na inaaminika sana. Kutua chini yake kwa mzigo mkubwa ni habari nyingine: ukichelewa kuvuta breki huna muda, ukiwahi inadondoka ghafla.

Fikiria pia ni siku gani utaukalia. Umetoka kuukata mwavuli mkuu, uko chini kuliko ulivyopanga, huenda juu ya miti au paa, na hujawahi kuuendesha mwavuli huo hata mara moja. Au mbaya zaidi, umegongana na mtu hewani na umezimia. Kifaa cha otomatiki, mfano Cypres ya Airtec ya Ujerumani iliyoingia sokoni mwaka 1991, kikiwa kwenye mpangilio wa warukaji wazoefu hukata kitanzi cha mwavuli wa akiba ukiwa bado unaanguka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde katika kimo cha kama mita 225. Kimefanya kazi yake, mwavuli umefunguka. Ila breki bado zimefungwa nusu kama fundi alivyoziacha, na hakuna mtu wa kuzivuta. Unafika ardhini kwa mwendo ambao bawa limeupanga lenyewe. Hapo tofauti ya 126 na 176 ndiyo tofauti yote. Kwa uzito wako natafuta wa akiba wa 176 au zaidi, ambao unakupa mzigo wa 1.18. Ukiogopa mkoba kuwa mnene, ipo miavuli ya akiba ya kitambaa chembamba inayoingia kwenye nafasi ya saizi moja ndogo.

Kamba za Spectra, kwa haraka. Hizi hazikatiki kwa urahisi, ila hunywea. Slaida, kipande cha kitambaa kinachopunguza kasi ya kufunguka, inaposhuka kwa kasi wakati wa kufungua, msuguano huleta joto, na kamba za pembeni pamoja na za breki, zinazosuguliwa zaidi, hufupika kuliko za katikati. Baada ya mamia ya miruko mwavuli si ule uliotoka kiwandani. Dalili unaweza kuiona mwenyewe hewani: achia breki kabisa, tazama juu nyuma. Kamba za breki zinatakiwa zipinde kidogo kwa upepo, kama upinde uliolegea. Zikiwa zimenyooka na mkia wa bawa umevutwa chini, unaruka na breki zilizovutwa saa zote. Siku ya kutua unavuta, na bawa linadondoka mapema. Vectran, aina nyingine ya kamba, hainywei, lakini huchakaa na kukatika bila taarifa ndefu. Kwa seti yoyote ya mkononi, fundi apime kamba kwa futi na kuzilinganisha na jedwali la mtengenezaji kabla hujatoa hela.

Unachotakiwa kutafuta, basi, ni mkoba unaokubali 190 sasa na 170 baadaye, wenye mwavuli wa akiba wa 176 kwenda juu, na mikanda inayokaa mwilini mwako. Mwavuli mkuu wenyewe uwe wa vyumba tisa usiochongwa sana, hata ukiwa umefifia rangi. Ukipata mkoba mzuri usio na mwavuli mkuu, uchukue; mwavuli wa 190 uliotumika hupatikana kirahisi, kwa sababu kila mtu ana haraka ya kuuacha.

Siku ya kukagua, mwambie fundi aufungue mwavuli wa akiba mbele yako, asome kadi yake na tarehe ya mwisho ya kufungashwa (Marekani sheria ni siku 180, nchi nyingine zina vipindi vyao), kisha aukague na kuufungasha upya. Angalia tarehe ya kutengenezwa kwa kifaa cha otomatiki, kwa kuwa vingi vina ukomo wa miaka ya matumizi na muuzaji anaweza kukuuzia kilichobakiza mwaka mmoja. Mwisho leta mwavuli wa 190 utakaotumia, uufungashe kwenye mkoba huo wewe mwenyewe, pale pale. Ukishindwa kuingiza pini bila mtu kukusaidia kukandamiza, huo mkoba si wako.