GPS yangu na ramani ya zamani havikubaliani: nianzie wapi kusoma?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa misitu mkoani Lindi, nina cheti cha misitu na miaka sita kazini. Nimepewa kazi ya kuhakiki mipaka ya misitu ya hifadhi ya vijiji kadhaa. Nilichukua koodineti za bikoni (alama za upimaji zilizosimikwa ardhini) tano kwa GPS ya mkononi, kisha nikaziweka kwenye ramani ya topografia ya 1:50,000. Nukta zote tano zimeangukia kusini ya bikoni kwa mita kama 300, na zimesogea mashariki kidogo. Wakati napima, skrini ilikuwa inasoma usahihi wa mita 4. Je, kifaa ni kibovu? Wenzangu wananishauri niombe ofisi inunue cha bei kubwa. Zaidi ya hapo, nataka kujiendeleza katika GIS (mifumo ya taarifa za kijiografia) na GPS kwa kiwango cha juu, kwa ajili ya kazi za maliasili. Nisome nini, wapi, na kwa mpangilio gani?

JIBU: Marahaba. Kifaa chako ni kizima, na ofisi isitoe hata shilingi kwa sababu hiyo. Umenipa umbali na mwelekeo, na hivyo viwili vimenitosha kujua tatizo kabla sijaiona ramani yenyewe. Kifaa kibovu au ishara mbaya hutawanya nukta huku na huko. Zako zote tano zimehama pamoja, upande mmoja, kwa kiasi kilekile. Hapo ujue ni datamu, yaani msingi wa umbo la dunia na kitovu chake ambao koodineti zote huhesabiwa kutoka hapo.

Ramani nyingi za topografia za Tanzania na Kenya zilichorwa juu ya datamu ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. GPS yako inatumia WGS 84, datamu ya dunia nzima. Kila moja ina umbo lake la dunia, na kitovu cha umbo la kwanza hakikai mahali kilipo kitovu cha la pili. Kwa wastani wa Kenya na Tanzania, ukivuka kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 unatoa mita 160 kwenye mhimili wa X, unatoa mita 6 kwenye Y, na unatoa mita 302 kwenye Z. Itazame hiyo namba ya tatu. Mhimili wa Z ndio unaoelekea Ncha ya Kaskazini, na sisi tunaishi karibu na ikweta, kwa hiyo ukisoma kwa mita za UTM (gridi inayoigawa dunia katika kanda na kuhesabu mahali kwa mita), karibu mita zote hizo 300 zinajitokeza ardhini kama msogeo wa kusini. Kwa upande wenu wa Lindi, huo mwingine wa mashariki ni mita kama 90. Pima tena ulivyopata, utaona vinalingana.

Tiba yake ni dakika kumi. Kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, ile ramani ya zamani uliyoiskani isajili kwa mfumo wa Arc 1960, UTM Kanda ya 37 Kusini, namba yake ya utambulisho EPSG 21037. Nukta za GPS ziingize kama WGS 84, UTM Kanda ya 37 Kusini, EPSG 32737. Kisha iache programu ifanye uhamisho yenyewe. Lakini hapa kuna mtego ambao nimeona watu wenye shahada wakiuingia. Kuiambia programu kwamba tabaka fulani (seti moja ya data kwenye ramani) liko kwenye mfumo fulani ni jambo moja. Kulihamisha tabaka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ni jambo jingine kabisa. Ukibandika karatasi iliyoandikwa "mchele" kwenye gunia la mahindi, ndani yake bado ni mahindi. Ukibadilisha jina la mfumo bila kuhamisha namba, umeharibu tabaka, na mwenzako atakayelifungua mwaka kesho hatakuwa na njia ya kujua.

Nisikufiche kwa nini jambo hili linanigusa. Miaka yangu ya mwanzo kazini, nilikabidhiwa koodineti za kona za msitu zilizosomwa kutoka ramani ya zamani. Nikaziingiza kwenye GPS iliyokuwa kwenye WGS 84, nikaongoza wanakijiji kufyeka mstari wa mpaka wa kaskazini. Tulikuwa tumeshafyeka kama nusu kilomita tulipotokea kwenye shamba la mikorosho, mikubwa, imepandwa kwa mistari. Mzee mmoja wa kamati ya maliasili akachomeka panga lake ardhini akasema, "Mpaka wa babu zetu ni kule kwenye mbuyu, huku ni kwangu." Mimi nikamwonyesha skrini. Ile skrini ilisoma usahihi wa mita 5, nami niliiamini kuliko yeye. Mbuyu wenyewe ulikuwa kusini yetu kwa mita mia tatu na ushei. Mpaka ule ulikuwa na urefu wa kilomita nne. Zidisha kwa mita 300, ni hekta 120 za mashamba ya watu ambazo ningeziingiza msituni kwa kosa la mpangilio mmoja kwenye menyu. Mzee alikuwa sahihi. Nilirudi kumwomba radhi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na tangu siku hiyo sianzi kazi bila kuuliza: namba hizi zilizaliwa kwenye datamu gani?

Kwa hiyo, ndugu yangu, unaponiuliza kuhusu kiwango cha juu, mimi sikihesabu kwa bei ya kifaa wala kwa wingi wa programu unazozijua. Mtaalamu wa kiwango cha juu ni yule anayeweza kukuambia namba yake imetoka wapi na inaweza kukosea kwa kiasi gani. Mpangilio wa masomo ninaokupa unafuata hapo.

Anza na datamu na projeksheni (njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) mpaka zikukae. Usizisome kitabuni tu. Tafuta bikoni ya Serikali yenye koodineti zinazojulikana, omba namba zake kwa wapima wa wilaya, uende nayo siku tatu tofauti na GPS yako. Soma asubuhi, soma jioni, andika kila kitu. Utajifunza tabia ya kifaa chako kuliko kozi ya wiki mbili. Jifunze na kanda za UTM, maana nchi yetu imekatwa: longitudo ya nyuzi 36 Mashariki inapita kati ya Dodoma mjini na Kongwa, hivyo Dodoma mjini iko Kanda ya 36 na Kongwa iko Kanda ya 37. Lindi yote iko ya 37, lakini ukihamishwa kikazi usije ukashangaa.

Baada ya hapo, ielewe setelaiti yenyewe. Inaruka kwenye kimo cha kilomita kama 20,200 na inakutumia muda. Kifaa chako kinalinganisha muda huo na saa yake, kinapata umbali. Kinahitaji setelaiti nne: tatu kwa ajili ya mahali, ya nne kwa ajili ya kurekebisha saa yake ya bei rahisi. Mwanga husafiri mita 300 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo saa ikipotoka kwa kiasi hicho tu, umbali nao umepotoka mita 300. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini msituni usomaji unaharibika: ishara inapigwa na shina, inadunda, inachelewa, na kifaa kinadhani setelaiti iko mbali zaidi. Ile "mita 4" kwenye skrini ni makadirio ya kifaa chenyewe, na kifaa hakijui kama ishara imedunda. Chini ya miti iliyofunga, hesabu mita 10 au zaidi hata skrini ikisema vingine. Usisimame umeegemea mti. Weka nukta kwa kuisoma kwa wastani wa dakika tano au kumi, siyo kubonyeza na kuondoka. Na washa GLONASS, Galileo na BeiDou, mifumo mingine ya setelaiti kama GPS, ikiwa kifaa kinazipokea, kwa sababu msituni kila setelaiti ya ziada unayoiona ina maana.

Kwa ramani ya mpango wa usimamizi wa msitu wa kijiji, GPS ya mkononi ikitumika vizuri inatosha. Makosa ya mita tano hapa na tano pale kwenye kona nyingi hufidiana unapokokotoa eneo. Mpaka wa kisheria ni kazi ya mpima ardhi, mwachie. Kifaa cha bei kubwa kinaingia pale unapohitaji sentimita: viwanja vya kudumu vya kupima miti ambavyo lazima uvirudie baada ya miaka, au mwinuko kwenye mikoko, ambako nusu mita tu inaamua maji ya bamvua yafike au yasifike. Ukifika hapo, tafuta kipokezi kinachopokea masafa mawili ya mawimbi na kuhifadhi data ghafi. Unakiacha juu ya nukta saa kadhaa, kisha data unazipeleka kwenye huduma kama CSRS-PPP ya Serikali ya Kanada, ambayo haina malipo, nayo inakurudishia jibu la sentimita chache. Kumbuka tu kwamba kimo unachopewa na setelaiti siyo kimo kutoka usawa wa bahari. Pwani yetu vinapishana kwa zaidi ya mita 20, na anayesimama ufukweni na kipokezi cha namna hiyo anaweza kusoma namba hasi akadhani ameharibu.

Hatua ya tatu ni picha za setelaiti, na hapa nakuomba uwe na subira, maana ndipo ripoti nyingi za ukataji miti zinapopotoka. Picha zenyewe ni za bure: Landsat tangu mwaka 2008 zinatolewa bila malipo, pikseli yake, yaani kila kipande kidogo cha picha, ina upande wa mita 30 na kumbukumbu zake zinarudi nyuma mpaka miaka ya 1970, ingawa zile za mwanzo pikseli zake ni kubwa zaidi; Sentinel-2 ilianza kurushwa mwaka 2015, ina pikseli ya mita 10, na kwa setelaiti zake mbili inapita mahali palepale kila siku tano. Tatizo letu ni miombo. Miombo inapukutisha majani kiangazi. Ukichukua picha ya Aprili ya miaka kumi iliyopita, ukailinganisha na ya Septemba mwaka huu, kompyuta itakupakia nyekundu msitu mzima na kukuambia umekatwa, wakati mninga na mpingo vimesimama palepale vikisubiri mvua. Ongeza na moto: eneo lililoungua majani ya chini linaonekana jeusi kama shamba jipya. Linganisha mwezi kwa mwezi. Kisha usimalize kazi mezani. Chagua nukta bila upendeleo, nenda nazo porini, hesabu ni ngapi kompyuta ilizipatia na ngapi ilizikosea, na matokeo hayo yaandike ndani ya ripoti hata kama hayapendezi. Ramani ya mabadiliko ya msitu isiyo na kiwango cha makosa mimi huirudisha kwa aliyeileta.

Kuhusu mahali pa kusoma, kwa mtu aliye kazini nchini kwetu njia ziko kadhaa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kinakufaa zaidi kwa upande wa misitu, Chuo Kikuu Ardhi kwa upande wa upimaji na jiomatiki. Nairobi kuna RCMRD, kituo cha kikanda kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya ramani za rasilimali, nacho huendesha kozi fupi. Kokote uendako, uliza maswali mawili kabla ya kulipa ada: je, tutatoka nje kupima, na je, nitafanya kazi na data zangu mwenyewe? Wakikujibu hapana kwa yote mawili, utatoka umejua vibonye vya programu moja, na toleo jipya likija vibonye vimehama. Usitishwe na programu za leseni za gharama. QGIS ni ya bure na itakufikisha mbali sana, pamoja na QField kwenye simu kwa ajili ya kukusanya data na wanakamati wa maliasili wa vijiji.

Na wanakamati hao wafundishe. Kijana mmoja na mama mmoja kwa kila kijiji, wajue kusoma koodineti na kuuliza datamu. Wewe utahamishwa, wao watabaki na msitu wao.

Sasa kazi ya wiki hii. Ile ramani uliyonayo, soma pambizo ya chini. Jina la datamu au umbo la dunia huandikwa pale kwa herufi ndogo. Hakikisha ni Arc 1960 au Clarke 1880. Hamisha nukta zako tano, uone zinakaa umbali gani na bikoni. Zikikaa ndani ya mita 20 au 30, endelea na vijiji vilivyobaki, kwa sababu hata unene wa mstari wa kalamu kwenye ramani ya 1:50,000, nusu milimita, ni mita 25 ardhini. Ikitokea bikoni moja imekataa wakati nne zimekubali, usiirekebishe kwenye kompyuta. Nenda kaione, ukiwa na wazee wa pande zote mbili za mpaka, maana bikoni nazo huhamishwa usiku.