DT kuukuu isiyo na moto: jinsi nilivyosaka spea Nairobi

Ukiingia maduka ya Kirinyaga Road na kipande cha pikipiki ya miaka ya sabini mkononi, jibu la kwanza ni kicheko. La pili ni hili: "Hiyo ni ya kitambo, boss. Weka ya boda tu." Nimeambiwa hivyo madirisha tisa au kumi. Mara mbili nikakubali kuweka isiyo yake, na mara zote mbili nililia na pesa yangu.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT100 niliyoinunua kwa mzee mmoja wa Limuru. Ilikuwa imelala kwenye banda la kuku, tangi limeshikwa na kutu, lakini injini ilizunguka. Habari za tangi na kabureta ziache. Kilichonila miezi saba ni kwamba haikuwa na moto. Unapiga kiki hadi goti linalalamika, plagi inatoka imelowa petroli, cheche hakuna.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua koili, kifaa kinachoupandisha umeme wa plagi. Nilidhani koili ni koili. Ya kwanza ilikuwa ya boda boda, mpya kwenye pakiti. Ya pili ilitoka kwenye gari bovu huko Grogan. Hakuna iliyonifaa, na sababu niliijua baadaye nilipokaa chini nikafuatilia waya mmoja mmoja. DT hii hailishwi moto na betri. Ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito lililo kwenye ncha ya krenki (mhimili unaozungushwa na injini), mna sumaku, na nyuma yake koili ndogo inayozalisha umeme kila flaiwili inapozunguka. Pointi, yaani vile vidole viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua njia ya umeme, zikifunga, umeme huo unazunguka humo humo na kuishia kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki yenyewe. Zikifunguka ghafla, unakosa njia na kurukia koili kubwa iliyo chini ya tangi, nayo inaupandisha hadi maelfu ya volti. Kwa hiyo koili ile imesukwa kupokea aina hiyo ya umeme. Koili ya mfumo wa betri ukiipima upande wa kuingilia husoma omu (kipimo cha ukinzani wa waya) 3 hadi 5. Yangu ya asili inasoma karibu omu 1. Ya boda yenye CDI, mfumo wa kielektroniki usio na pointi, nayo imesukwa kungoja mshtuko mfupi wa volti mamia, ambao magneto ya pointi (ile sumaku na koili yake ndogo) haitoi. Zote zina mguu wa chuma, waya mnene na rangi nyeusi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, nunua au azima mita ya kupimia umeme. Hizi za bei ya chini hazisomi vizuri chini ya omu 1, kwa hiyo kwanza gusanisha nyaya zake mbili, uone zinasoma ngapi, halafu utoe hiyo kwenye jibu lako. Mimi sikufanya hivyo, nikaitupa bure koili isiyo na hitilafu. Ilibidi nikaipekue kwenye takataka za jirani siku ya pili.

Kipimo kingine hakigharimu kitu, na ndicho ningekianza leo. Swichi ya kuzima kwenye Yamaha nyingi za zamani hufanya kazi kwa kuupeleka umeme wa koili kwenye bodi kupitia waya mweusi wenye mstari mweupe. Swichi ikiingia maji au waya ukichubuka ukagusa fremu, pikipiki imezimwa siku zote. Chomoa waya huo, piga kiki, angalia plagi. Yangu haikuwa hiyo, lakini ya rafiki yangu wa Kayole ilikuwa hiyo hiyo, naye alikuwa ameshabadilisha kila kitu.

Flaiwili usiigonge. Fundi mmoja alinijia na nyundo na patasi nikamfukuza. Ukiigonga unaweza kupasua sumaku au kupinda krenki, na hapo umehama kwenye spea za mia tano ukaingia za maelfu. Inatolewa na pula yenye nyuzi zinazoingia katikati ya flaiwili. Sikupata ya saizi yangu dukani, nikaibeba injini na flaiwili yake hadi Kariobangi Light Industries kwa fundi wa kukereza vyuma. Alipima nyuzi, akakereza, jioni nikaondoka nayo. Ukiitoa, chunga kile kipini kidogo cha nusu mwezi kinachoishika flaiwili kwenye krenki. Kikikatika kidogo tu, majira ya moto yanahama, nawe utalaumu kila kitu isipokuwa hicho.

Pointi zangu zilikuwa na kutu nyeusi. Msasa laini, kisha kitambaa chenye petroli, kisha fila geji, vile vibamba vya kupimia upenyo: nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 zikiwa wazi kabisa. Cheche ikaja! Nyembamba, ya njano, lakini ikaja. Nikawasha, nikazunguka mtaa mara moja, nikarudi nikisukuma. Kila ikipata joto, inazima. Ikipoa, inawaka.

Hapo ndipo nilipokutana na kondensa, na kama utakumbuka kitu kimoja kutoka kwangu, kikumbuke hiki kikopo kidogo. Kazi yake ni kuumeza umeme wakati pointi zinafunguka, ili usiruke kati yake na kuziunguza. Ikifa, pointi zinatoa cheche zenyewe na plagi inanyimwa. Na inakufa kwa uzee hata kama haijawahi kufungwa kwenye pikipiki. Kwa hiyo ile "orijino, haijatumika" iliyokaa rafuni tangu zamani inaweza kuwa maiti ndani ya boksi safi. Niliagiza moja kutoka nje. Ukijumlisha nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16, ilipita bei ya tairi. Ilidumu wiki mbili.

Dawa niliipata Luthuli Avenue, kwa muuza vifaa vya elektroniki ambaye hata pikipiki haimhusu. Kondensa za namna hii huwa na takriban maikrofaradi (kipimo cha umeme zinaoweza kushika) 0.2 hadi 0.3. Nilimwomba kapasita, ndilo jina la kondensa kwa watu wa elektroniki, ya filamu ya 0.22, volti 630. Akanipa kwa bei ya chai na mandazi. Nimeifunga chini ya tangi, mbali na joto la injini, mguu mmoja kwenye waya wa pointi na mwingine kwenye bodi. Kondensa ya gari la zamani lenye pointi pia inafaa, tena inafungika kwa skrubu moja. Haipendezi macho, lakini cheche sasa ni ya buluu na injini haizimi hata kwenye foleni ya Jogoo Road.

Ukilazimika kuagiza, usitafute kwa jina la pikipiki. Tafuta kwa namba. Namba za spea za Yamaha huanza na alama za modeli ambayo kipande kilitengenezewa kwanza, kisha tarakimu tano zinazoeleza ni kipande gani. Ndiyo maana pointi za DT yako zinaweza kuwa na namba ya modeli usiyowahi kuiona. Angalia pia bamba la magneto lina chapa gani, kwa kuwa Hitachi na Mitsubishi hazibadilishani.

Watakwambia uhamie CDI. Inawezekana, lakini unahitaji flaiwili, koili za ndani na boksi vinavyoelewana. Na boksi za CDI zinazolishwa na magneto na zile zinazolishwa na betri hufanana hadi kwenye soketi. Kwa pikipiki ya kazi ningekubali. Kwa ya Jumapili, ninazipenda pointi, kwa sababu ninaweza kuzirekebisha kando ya barabara kwa kipande cha msasa.

Taa bado haziwaki. Koili ya taa imekatika ndani na iko kwa fundi anayesuka mota, anayehesabu mizunguko ya waya mwembamba kama unywele na kukasirika kila nikimpigia simu. Mpaka aimalize, saa kumi na moja jioni niko njiani kurudi nyumbani.