Maswali ya Wasomaji: Mwegemeo ni Kitu Kimoja, Dhana Mbaya ni Kingine

SWALI: Nafundisha sekondari. Mzazi amenishutumu kwamba nawachukia watoto wa jamii yake kwa sababu wanapata alama ndogo kwenye insha ninazosahihisha. Mwalimu mwenzangu ananitetea: ati huo ni mwegemeo tu, kila binadamu anao. Je, hivi ni vitu viwili kweli, au mwenzangu ananifariji?

JIBU: Ni vitu viwili, mwalimu, ingawa mtoto anayepunjwa alama hupata hasara ileile.

Mwegemeo ni kosa la upimaji: akili inakadiria, na makadirio yanakosea kila mara kwa kuelekea upande uleule. Si lazima awepo mtu anayechukiwa. Katika makala yao ya mwaka 1974, Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambamo watu walizungushiwa gurudumu lenye namba, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kwa walioangukiwa na 10, kadirio la katikati lilikuwa asilimia 25. Kwa walioangukiwa na 65, lilikuwa 45. Namba isiyohusiana kabisa na swali iliwavuta.

Dhana mbaya ni msimamo. Inalenga kundi fulani la watu, ina hisia ndani yake (dharau, woga, kinyongo), na hutangulia kabla mhusika hajajulikana. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliipa kipimo mwaka 1954, na kwa matumizi ya kila siku hatujaona kinachokizidi: hukumu iliyotangulia huwa dhana mbaya pale tu inapokataa kurekebishwa na ushahidi mpya. Kukisia tunakisia sote. La kuangalia ni kinachofuata ukweli unapoletwa mezani. Mwenye mwegemeo akionyeshwa hesabu hushtuka, hurekebisha, na pengine wiki ijayo hurudia bila kujua. Mwenye dhana mbaya hutafuta udhuru: "huyo alisaidiwa", "huyo ni mmoja kati ya mia". Habari inayomuunga mkono huipokea bila kuikagua.

Kwa hiyo usianze kwa kujitetea, anza kwa kupima. Chukua insha 30 au zaidi ulizokwisha kusahihisha, mwombe mwenzako azichapishe upya bila majina, azipe namba na kuchanganya mpangilio. Mwandiko usiachwe, kwa maana unamtaja mwanafunzi kama jina lake. Subiri wiki mbili ili alama za kwanza zikutoke akilini, kisha sahihisha tena kwa mwongozo uleule. Linganisha pengo la wastani kati ya makundi, kabla na baada. Pengo likipungua sana, kumjua mwandishi kulikuwa kunaingia kwenye alama zako. Likibaki vilevile, chunguza mada na mwongozo wenyewe: huenda swali lilidai ujuzi ambao watoto wengine hawakupata nafasi ya kuupata, na mwegemeo umo kwenye mtihani. Kama kundi lina wanafunzi watano tu, tofauti ya alama moja haithibitishi lolote.

Jaribio hilo haliwezi kukuambia kilichomo moyoni. Utakachofanya na matokeo yake ndicho kitakachoonyesha.

SWALI: Kamati yetu ya ajira ilipewa semina ya siku moja kuhusu mwegemeo. Inatosha?

JIBU: Haitoshi. Uchambuzi mpana wa tafiti karibu 500, uliochapishwa mwaka 2019, uligundua kwamba mabadiliko kwenye vipimo vya mielekeo ya chini kwa chini (ile ambayo mtu mwenyewe hatambui kuwa nayo) hayakuleta mabadiliko ya tabia. Kujua kwamba mizani imepinda hakuinyooshi. Badilisheni utaratibu.

Kabla ya kufungua barua hata moja, andikeni vigezo vinne au vitano, uzito wa kila kimoja, na maelezo ya jibu linalostahili alama 1, 3 na 5. Katibu afiche majina, picha, umri na mahali pa kuzaliwa. Waombaji wote waulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Kila mjumbe aandike alama zake peke yake kabla ya mazungumzo, na alama itolewe mara tu swali linapojibiwa. Ukingoja mwisho, sifa moja nzuri hupaka rangi nyingine zote. Edward Thorndike aliliona hilo mwaka 1920 katika tathmini za maofisa wa jeshi. Wakati wa majadiliano mwenyekiti azungumze wa mwisho, kwani namba yake ikitangulia huwavuta wengine kama lile gurudumu.

Mara nyingi utaratibu huvunjikia kwenye vigezo. Mwombaji anayependwa hana uzoefu, ghafla uzoefu "si muhimu sana". Mwingine anao, ghafla tunatafuta "mtu wa kuendana na timu". Andikeni kwenye kumbukumbu za kikao kila badiliko la kigezo na nani alilipendekeza. Likijirudia dhidi ya kundi lilelile hata baada ya kuonyeshwa, hapo mna zaidi ya mwegemeo.

Na ubaguzi, ambao ni kitendo, unaweza kuzaliwa na vyote viwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulituma wasifu wa kazi karibu 5,000 katika miji ya Boston na Chicago nchini Marekani. Sifa zilifanana, majina yalitofautiana. Wenye majina yanayosikika ya Wazungu walipigiwa simu kwa karibu nusu zaidi ya wenye majina yanayosikika ya Wamarekani Weusi. Takwimu hizo zinathibitisha ubaguzi. Ila hazisemi nani alidharau na nani alipitia karatasi kwa pupa, na mwombaji hapaswi kungoja jibu la hilo ndipo atendewe haki.

SWALI: Jaribio la kompyuta linasema nina mwegemeo mkubwa dhidi ya kundi fulani. Je, mimi ni mbaguzi?

JIBU: Hapana, haliwezi kukuhukumu hivyo. Jaribio la aina hiyo, lililotambulishwa mwaka 1998, hupima tofauti ya kasi ya vidole katika kuoanisha maneno na picha. Mtu huyohuyo akirudia siku nyingine anaweza kupata jibu tofauti. Linafaa zaidi kwa wastani wa watu wengi.

SWALI: Ndugu yangu ana dhana mbaya waziwazi. Hoja zote nimemaliza. Kuna njia?

JIBU: Kumkutanisha na watu, lakini kwa masharti. Allport alitaja manne: wawe na hadhi sawa, lengo moja, kazi inayohitaji ushirikiano, na baraka za wenye mamlaka. Uchambuzi wa mwaka 2006 wa tafiti zaidi ya 500 ulionyesha kwamba kukutana kwa kawaida hupunguza dhana mbaya, na masharti hayo yakiwepo hupungua zaidi. Bwana na mtumishi wanaweza kuishi nyumba moja miaka mingi bila kubadilika chochote, maana hadhi si sawa. Tahadhari nyingine: akikutana na mtu mmoja tu atasema "huyu si kama wenzake", na dhana itabaki palepale. Mtafutie kazi ya pamoja yenye watu watatu au wanne wa kundi hilo, wanaotofautiana wao kwa wao.