Moshi wa mtambo wa gesi ugeuzwe mafuta?

SWALI: Mimi ni fundi katika kituo cha kufua umeme kwa gesi asilia, Dar es Salaam. Nasikia wenzetu nje wanageuza moshi wa mitambo kuwa mafuta. Kwa nini na sisi tusiugeuze wa kwetu, tukauchoma tena kwenye tabaini ileile, yaani injini inayozungusha jenereta?

JIBU: Kuugeuza mnaweza, fundi. Kwenye kuuchoma tena ndipo hesabu inapogoma.

Kinachogeuzwa ni hewa ukaa iliyomo kwenye moshi, nayo ni kama majivu ya gesi. Nguvu yake mmeshaichukua. Ili iwake tena sharti irudishiwe nguvu, na kazi hiyo hufanywa na haidrojeni. Tani moja ya methanoli, mafuta yanayotengenezwa hivyo, hutaka karibu tani 1.4 za hewa ukaa na kilo 190 za haidrojeni. Kupasua maji kwa umeme upate kilo moja ya haidrojeni hula uniti 50 na ushee. Zidisha: uniti kama 10,000. Methanoli yenyewe ina joto la uniti 5,500 hivi, na mkiichoma kwenye tabaini, uniti 3,000 za umeme hamzipati. Hapo umeme wa kompresa, za kugandamizia gesi hizo, sijaugusa.

Halafu moshi wenu ni mwepesi. Tabaini humeza hewa nyingi kupita inayohitajika kuchomea, kwa hiyo hewa ukaa bombani ni asilimia 3 au 4 tu. Kuichuja kunataka mnara wa amini, kimiminika kinachoinasa kwenye nyuzi 40 hivi na kuiachia kikipashwa hadi kama 120. Mvuke wa kupashia nao mtautoa wapi, kama si humohumo mtamboni?

Kiwanda cha methanoli kinachotajwa sana, cha Svartsengi, Aisilandi, kilichoanza 2012, hakikugusa moshi wa gesi asilia. Kilitumia hewa ukaa inayopanda na mvuke wa jotoardhi, na umeme usiochomewa chochote. Kwa huku kwetu hiyo ni habari ya Olkaria, Kenya, kwenye umeme wa jotoardhi, zaidi kuliko Dar.

Ningekuwa mimi, ningeacha mafuta nitazame bidhaa isiyodai haidrojeni. Huko Tuticorin, India, hewa ukaa ya boila ya makaa ya mawe hutengenezewa magadi ya viwandani, yale ya vioo na sabuni.

Ukitaka tuendelee, pima kwanza joto la moshi na asilimia ya oksijeni, maana oksijeni nyingi huiozesha amini upesi. Nitumie vipimo hivyo pamoja na aina ya tabaini, tukadirie ukubwa wa mnara.