Sevisi ya IST: kampuni au fundi wa mtaani?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu nipo Mbezi, nina Toyota IST ya 2004 nimenunua used. Nimeenda kuulizia sevisi kwenye kampuni ya Toyota wakanipa karatasi ya 480,000, fundi wa huku kwetu anasema nimpe 150,000 anamaliza kila kitu, oili na filta ndani. Mume wangu anasema kampuni napigwa, shemeji anasema mafundi wa mtaani ndio wanaoua magari. Nimsikilize nani? Mama Junior, Dar.

JIBU: Marahaba dada. Kwa gari lako hilo kampuni hulazimiki kabisa, ila na hiyo 150,000 ya "kila kitu ndani" usiitoe, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Kampuni ni ghali kwa sababu wanachaji kazi kwa saa, speya zao ni za boksi, yaani orijino, kuna VAT asilimia 18 juu yake, na kuna vitu wanaongeza ambavyo gari haijaviomba, dawa ya kusafisha injini, kusafisha nozeli na kadhalika. Ile karatasi isome mstari kwa mstari, unaruhusiwa kusema hiki sitaki. Alafu waranti ndio inayowafunga watu kwenye kampuni, na IST ya 2004 waranti yake ilishaisha zamani sana, sasa unalipia kulinda nini?

Fundi akikwambia oili na filta ndani maana yake yeye ndiye anayechagua, na kwa bei hiyo atachagua ya bei rahisi ili na yeye abaki na chochote, simlaumu ana familia, lakini injini ni yako. Kwahiyo nunua mwenyewe. Nenda duka linalotoa risiti ya EFD, iwe Gerezani au karibu na kwako, chukua oili 5W-30 galoni ya lita 4, IST inakunywa kama lita 3.7 ukibadili na filta, kwahiyo inatosha na kinachobaki ondoka nacho. Angalia sili ya kifuniko kabla hujalipa, galoni zinazojazwa upya zipo nyingi mjini. Filta igeuze uiangalie, ule mpira wa pembeni uwe laini na umekaa sawa, ukiona mgumu au umepinda rudisha. Fundi mlipe kazi yake tu, na mlipe vizuri.

Siku ya kazi simama hapohapo. Filta ya zamani ikitoka mwambie akuonyeshe kama mpira wake umetoka nayo, maana wakati mwingine unabaki umeganda kwenye injini, fundi mwenye haraka anafunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, unawasha gari unaondoka vizuri tu, alafu njiani presha ya oili inausukuma ule mpira oili yote inamwagika chini. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukaendelea kuendesha injini imekwisha, na hilo kosa ni la nusu dakika tu. Jambo jingine, injini ya IST inatumia cheni, haina mkanda wa taiming, kwahiyo atakayekwambia mkanda wa taiming umefika muda wake ondoa gari hapo.

Na kuhusu kilomita, mafundi wengi wanakwambia urudi kila baada ya 3,000. Japani kwenyewe Toyota kwa magari ya petroli yasiyo na turbo wanaandika 15,000 au mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida, na 7,500 au miezi 6 kwa matumizi magumu. Foleni yetu na joto letu ni matumizi magumu, hilo halina ubishi. Mimi nakushauri 5,000 ukiwa na oili nzuri. Piga hesabu kwa mwaka uone umeokoa hela kiasi gani kuliko kubishana na fundi elfu 20. Andika kilomita na tarehe kwenye daftari na risiti ubandike humo, siku ya kuuza mteja atataka kuliona.

Fundi wa kumtafuta ni yule aliyesoma, VETA au popote, au aliyewahi kufanya kazi kampuni akafungua gereji yake, wapo, waulize madereva wa ofisini watakutajia. Kampuni au gereji kubwa yenye mashine nenda pale taa ya ABS (ya breki) au eabegi inapowaka, hapo usimpe mtu wa kubahatisha.

SWALI: Nina Nissan X-Trail T31, fundi anataka kuniwekea hydrolik ya gia ya kawaida anasema zote ni sawa na ya kampuni ni bei mara tatu. Nimkubalie?

JIBU: Hapana ndugu yangu, nakuomba usimkubalie. Kama gia boksi ya T31 yako ni CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda wa chuma ndani badala ya gia za meno, inataka hydrolik yake maalum inayoitwa NS-2, na X-Trail iliyofuata, T32, inataka NS-3, hydrolik ya kawaida inafanya mkanda wa ndani uteleze na gia boksi inakufa. Sio lazima uinunue kampuni, maduka ya speya yanayojulikana wanayo, kinachotakiwa ni galoni iwe imeandikwa NS-2 na iwe ya kweli. Na kama ameshaiweka, usiendeshe, imwagwe leo hapohapo gari lilipo.